Halati hayumo kwenye hesabu

Halati, dada wa mama yangu, alikuwa akichambua mbaazi kwenye ungo, miguu ameinyoosha juu ya mkeka. Mimi nimekaa kwenye ngazi ya mlango, simu mkononi, namsomea matokeo ya hojaji yetu. Ilikuwa Alhamisi baada ya Alasiri, mtaa wetu wa Kibokoni, Mombasa, umeanza kupoa, na harufu ya viazi karai ilishaingia kichochoroni kabla ya muuzaji mwenyewe kufika.

Nilikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi. Mimi na wenzangu wawili tuna tovuti ndogo ya majina ya leso, yaani yale maneno yaliyochapwa kwenye kanga: jina lenyewe, picha ikipatikana, na maelezo mafupi ya fumbo lake. Kwa muda mrefu tulikuwa tukijiuliza wanaoingia humo ni akina nani. Sasa tulikuwa tumewauliza, nao wamejibu.

Nikamwambia: wengi ni vijana. Wengi wako Nairobi. Na wanaume wamezidi tulivyodhani.

Halati akaokota punje mbovu, akaitupa nje ya ungo.

"Na mimi mumenihesabu wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kila Ijumaa mjukuu wangu yuwanisomea hapa hapa," akasema. "Twakaa watu watano, sita. Sisi mumetuweka fungu gani?"

Sikuwa na jibu. Wiki tano zimepita, na kila nikifungua lile jedwali nasikia punje ya mbaazi ikigonga sakafu.

## Mimi wa Nairobi

Kisa cha hojaji yetu kilikuwa pesa, tusidanganyane. Malipo ya tovuti ya mwaka yalikuwa yamekaribia na mifuko yetu mnaijua. Tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa vitambaa kumwomba aweke tangazo lake kwetu kwa kutulipa. Alitukaribisha vizuri, soda zikaja, kisha akauliza jambo moja tu: "Wateja wangu mimi ni kina mama. Nyinyi wageni wenu ni kina nani?"

Tulikuwa na chombo cha kuhesabu wageni, kile kinachofanya kazi kimyakimya nyuma ya tovuti. Tukajibu kwa kujiamini kutoka humo. Tuliporudi nyumbani, mwenzangu mmoja akaanza kukitilia shaka, na kadiri tulivyokichunguza ndivyo aibu ilivyotuingia.

Chombo kile hakihesabu watu. Kinahesabu vifaa, tena si vifaa hasa bali programu ya kuperuzi iliyomo ndani ya kifaa. Mtu mmoja mwenye simu na kompyuta ni wageni wawili. Akifuta kumbukumbu za simu yake, kesho anazaliwa upya. Nyumba nzima yenye simu moja nzuri ni mgeni mmoja.

Na mji? Mji unakisiwa kutokana na anwani ya mtandao ambayo kampuni ya simu imekupa kwa saa ile. Bando lako ukilifungulia Likoni, mawasiliano yako yanaweza kutokezea kwenye mitambo ya Nairobi, basi ukaandikwa mtu wa Nairobi. Nilijijaribu mwenyewe. Nilisimama Marikiti, sokoni huku huku Mombasa, mkono mmoja mfuko wa bizari, mkono mmoja simu, nikafungua tovuti yetu. Chombo kikaniandika: mgeni mmoja, Nairobi, lugha Kiingereza.

Kiingereza kwa sababu simu niliinunua imepangwa hivyo na sijawahi kuibadilisha.

Mtu huyo wa Nairobi asomaye Kiingereza alikuwa mimi, na saa ile nilikuwa nawaza mahamri.

## Nje ya Mombasa

Ndipo tukaamua kuuliza watu wenyewe. Maswali tisa, visanduku vya kuteua, na mstari mmoja mwishoni wa kuandika chochote. Tukadhani sehemu ngumu itakuwa kupata watu wa kujibu. Kumbe ugumu ulikuwa kwenye maswali yenyewe.

Chukua swali la nne: Unaishi wapi? Tukaweka visanduku vitatu: Mombasa, kwingineko Kenya, nje ya nchi. Hapo sisi sote watatu ni wazaliwa wa huku, na hakuna aliyestuka.

Majibu yakaja. Watu kadhaa waliteua "kwingineko Kenya", halafu kwenye ule mstari wa mwisho wakaandika: Kisauni. Likoni. Mmoja aliandika Changamwe, na alama ya mshangao juu yake.

Kwenye karatasi ya serikali hawa wote ni watu wa Kaunti ya Mombasa. Kaunti ina maeneo sita na hayo matatu yamo. Lakini ni nani wa Likoni asemaye anaishi Mombasa? Mtu wa Likoni huvuka feri *kwenda* Mombasa. Wa Kisauni hupanda matatu *kwenda* Mombasa, avuke daraja la Nyali. Mombasa ni kisiwa. Tunalisema hilo kila siku kwa midomo yetu, kisha tukakaa mbele ya kompyuta tukalisahau, tukaandika swali kama watu waliokuja juzi.

Swali la kabila tuliliandika, tukalifuta, tukalirudisha, tukalifuta. Mwenzetu mmoja alilitaka kwa sababu ya haki: leso ni ya Waswahili, akasema, basi tujue kama Waswahili wenyewe wanaingia. Lakini uliza swali hilo Mombasa uone. Kuna atakayejiandika Mswahili, na kuna atakayeona hilo halitoshi, atataka Thelatha Taifa au Tisa Taifa, yale mafungu mawili ya koo za Waswahili wa Mombasa, na ndani ya hizo Tisa atataka kujua mbona hujaweka Mbajuni peke yake. Na kuna wengine waliozaliwa hapa, wakakulia hapa, wanaoota kwa Kiswahili, ambao hakuna kisanduku kitakachowapokea bila ya maneno.

Kilichomaliza ubishi ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaweka asili ya kikabila kwenye kundi la taarifa nyeti za mtu, zile zinazotaka uangalifu wa ziada kwa anayezikusanya. Tukashusha pumzi, tukalifuta. Kisha nikaendelea kuisoma ile orodha, nikaona jinsia nayo imo. Hali ya ndoa imo. Majina ya watoto yamo.

Jinsia tulikuwa tumeuliza swali la kwanza kabisa, kabla hata ya salamu.

## Wanaume wametoka wapi

Hapa ndipo mahali ninapopenda, kwa hivyo mnivumilie.

Sisi tulikuwa na picha ya msomaji wetu: mama wa makamo, au binti anayejiandaa kwa harusi, anatafuta leso ya kupeleka. Wanaume hawakuwamo kwenye picha ile isipokuwa kama waume wa kulipa. Walipojitokeza wengi, dhana yangu ya kwanza ilikuwa wanadanganya. Ya pili, kwamba ni wanafunzi wa fasihi wenye kazi ya kuwasilisha kesho, na wachache kweli walikuwa hao.

Jibu lilikuwa kwenye ule mstari wa mwisho, ambao karibu tuuondoe kwa kuona unachukua nafasi. Umekuja kutafuta nini?

"Niko dukani Biashara Street," mmoja akaandika. "Nataka kujua hii inamaanisha nini kabla sijalipa."

Mwingine: "Nilimpelekea mama mkwe leso. Kimya tangu Jumapili."

Huyu wa pili tulimwuliza kwa adabu ni jina gani alilopeleka. Akajibu: *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake.*

Masikini ya Mungu. Aliipenda rangi.

Basi kumbe tovuti yetu, ambayo tuliiona ni hazina ya urithi, ilikuwa ikifanya kazi ya mshenga. Mwanamume amesimama mbele ya muuzaji, leso zimetandazwa, anaona haya kuuliza maana kwa sauti, anatoa simu. Dakika mbili, analipa, anaondoka. Chombo cha kuhesabu kilikuwa kimemwandika mgeni asiyekaa, aliyechoka upesi na ukurasa. Mbona alipata alichotaka?

Yule mfanyabiashara aliyeuliza kuhusu kina mama angekuwa na faida zaidi kwa hawa. Hawa ndio waliosimama na pesa mkononi. Lakini nami nakimbilia mbele.

## Kadi milioni 10

Kwa nini nisiweke asilimia hapa? Ninazo. Zimo kwenye jedwali, zenye nukta na tarakimu moja baada ya nukta, nzuri kweli kweli.

Mwaka 1936 jarida moja la Marekani, Literary Digest, lilitaka kujua nani atashinda urais. Likatuma kadi kama milioni 10. Zikarudi zaidi ya milioni 2, wingi ambao hata leo ungemtia mtu kiburi. Likatangaza: Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Siku ya kura Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Landon alibakiwa na Maine na Vermont.

Anwani zilikotumwa kadi zile zilitoka kwa sehemu kubwa kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, katikati ya miaka ya dhiki ya uchumi. Waliokosa simu na gari hawakuulizwa. Na katika walioulizwa, waliojisumbua kurudisha kadi hawakuwa sawa na waliokaa kimya. Mwenye hasira na serikali hupata muda wa kwenda posta. Mwaka ule ule George Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko hao, akapata mshindi sahihi, kwa kuwa alichagua wa kuwauliza badala ya kungoja wajilete.

Nilikisoma kisa hiki usiku, nikafungua hojaji yetu upya, nikaona kadi zangu milioni 10 zimekaa kwenye simu.

Hojaji ilijitokeza kwenye skrini tu, herufi ndogo. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hakuiona, wala hajui kama ilikuwapo. Tuliifungua Jumamosi na Jumapili, siku ambazo watu wa nyumbani Mombasa wana harusi, na wa ofisini Nairobi wana nafasi na bando.

Na tulifanya upumbavu mmoja zaidi. Tuliahidi bahati nasibu: pea moja ya leso kwa atakayejibu. Mara majibu yakaongezeka. Tukashangilia! Mpaka mwenzangu alipoona majibu matatu yametoka kwenye simu moja ndani ya robo saa: mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kisha mwanamume wa umri ule ule, kisha mtu wa zaidi ya sitini. Tuliyafuta yote matatu kwa kuona ni ujanja wa mtu mmoja anayetaka leso.

Sasa nafikiri walikuwa watu watatu.

Nafikiri ilikuwa nyumba kama ya halati: binti amejibu, akampa mumewe, kisha akamwuliza mamake swali moja moja na kumbofyia. Tulifuta familia, tukabaki na jedwali safi.

## Waliolala humu

Nakumbuka usiku wa sensa, tarehe 24 Agosti 2019. Karani alifika mlangoni akaulizia waliolala nyumba ile usiku ule. Hakuuliza mwenye nyumba ni nani tu, wala nani ana simu. Aliyelala humu ahesabiwe, hata kama ni mgeni wa siku moja, hata kama ni mtoto mchanga ambaye hajapewa jina.

Ilipotangazwa, Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333. Wanaume 610,257. Wanawake 598,046. Ukijumlisha hao wanapungua watu 30. Hao 30 ni huntha, waliozaliwa na dalili za jinsia zote mbili, na ilikuwa mara ya kwanza sensa ya Kenya kuwahesabu.

Visanduku vyetu vya jinsia vilikuwa viwili.

Sisemi sensa haikosei. Nasema tu kwamba mtu mzima aliyevaa fulana yenye nembo, akitembea kwa miguu juani, alikuja kugonga mlango wa halati na kuuliza mko wangapi. Sisi wapwa zake tulioandika maneno yake kwenye tovuti hatukumwuliza.

## Asomaye ni jirani

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kukaa kimya nione. Masalkheri, nikapokea kikombe changu cha kahawa tungu, nikajibanza pembeni.

Mjukuu ana simu yenye kioo kilichopasuka kona moja, hivyo kila mstari unaofika pale anainamisha simu kidogo. Anasoma kwa sauti ya kuhifadhi, kama yuko chuoni, chuo cha Kurani. Halati yuko mkekani. Jirani wawili wako juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kiti cha plastiki. Shemeji yake amelala kochini ndani, mlango wazi, anajifanya hasikilizi. Mtoto wa miaka sita au saba anakula mabuyu na vidole vimekuwa vyekundu.

Mjukuu akasoma: *Japo sipati tamaa sikati.* Kisha maelezo tuliyoandika sisi: kwamba leso hii humhimiza mtu asikate tamaa maishani, kazini na katika masomo.

Kikapita kimya kidogo.

"Masomo?" jirani mmoja akauliza.

Halati akaweka kikombe chini. "Nani kaandika hivyo?"

Sikuinua uso.

"Aliyeivaa leso hii mtaani kwetu," halati akaendelea, "hakuwa akitafuta masomo. Alikuwa akipita mbele ya duka la mtu. Asubuhi apita, jioni apita. Chumvi ya nyumba ile ilikuwa haishi kumalizika!" Shemeji akacheka kule ndani, akajisaliti. Jirani wa pili akasema yeye alimjua mwenye duka, na kwamba mkewe naye alijibu kwa leso yake wiki ile ile. Wakabishana jina la leso ya majibu lilikuwa lipi. Mjukuu akawa ashaacha kusoma, anaandika haraka haraka kwa dole gumba, kutuletea sisi, kama kawaida yake.

Kama kawaida yake. Masahihisho mengi mazuri tuliyopata mwaka huu yametoka kwa msichana mmoja tuliyemdhania kuwa ni mtafiti hodari wa chuo kikuu. Ni huyu. Nyuma yake ni kiti cha plastiki, mbuzi, kochi na mkeka.

"Mumeniandika mgeni?" halati aliniuliza baadaye, nilipomweleza neno tunalotumia. "Mgeni wa maneno yangu mwenyewe?"

Nikajitetea kwamba ni istilahi tu, kwamba hata yule mfanyabiashara alitaka kujua wageni ni akina nani. Akaniangalia kwa huruma.

"Wewe leso huvai?" akasema. "Leso navaa mimi, lakini asomaye ni jirani."

Ni kweli, na sijui nilikuwa wapi. Ukijifunga leso, jina hukaa huko nyuma, juu kidogo ya pindo la chini. Wewe mwenyewe hulioni. Hulisoma anayekufuata njiani, au aliyekaa barazani wakati unapita. Aliyenunua ni mmoja, aliyekusudiwa ni mwingine, na waliosoma ni mtaa mzima. Zamani majina haya yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hapo pia mwenye kuagiza alikuwa amechagua msomaji: aliyepitia chuoni. Herufi za Kirumi ziliposhika, msomaji akabadilika na kitambaa kikabaki kile kile.

Pale Biashara Street liko duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo wengi tunalijua kwa alama yake, Mali ya Abdulla, na ambalo lilianza mwaka 1887. Zaidi ya karne moja wanauza maneno. Wanajua pea ngapi zimetoka dukani. Nani alizisoma mgongoni mwa nani, hilo haliwezi kuingia kwenye daftari la duka, na sioni kama limewazuia kuuza.

## Swali la kumi

Nilirudi kwa yule mfanyabiashara wiki iliyopita. Nikamweleza habari ya wanaume wa Biashara Street, na ya mama mkwe aliyenyamaza. Alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akasema, "Sawa dada, lakini ni asilimia ngapi?"

Nikamwambia sina namba ninayoweza kuiapia. Akasema atafikiria. Soda haikuja safari hii, sijui kama ni ishara.

Hojaji tumeifungua tena, bila zawadi. Kisanduku cha jinsia kimehamia mwisho na si lazima kukijaza. Unaishi wapi sasa ni mstari mtupu, andika mwenyewe. Tayari kuna aliyeandika "Ng'ambo, lakini roho iko Mji wa Kale", na mwenzangu anauliza huyo tumweke fungu gani. Na tumeongeza swali la kumi, ambalo niliandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ile ile ya mlango: Ukisoma hapa, ni nani yuko karibu nawe anasikiliza?

Jibu la kwanza liliingia kabla ya Magharibi.

"Mama, na fundi wa friji."